Honi Iliyoamsha Foleni

Mama Nekesa,

Hujambo huko nyumbani? Mimi niko Malaba, kwenye foleni ya malori isiyosonga tangu jana. Leo shule ya Nekesa imekuja kucheza kwenye uwanja ulio kando ya barabara. Msichana wetu alipofunga bao, nilipiga honi mpaka mkono ukachoka. Nyuma yangu madereva wakawasha injini, mataniboi wao wakaja mbio na chapati mkononi.

"Boss, foleni imesonga?"

"Wapi! Ni binti yangu amefunga!"

Walinitukana vizuri, halafu wakapanda juu ya lori langu kutazama. Foleni iliposonga kweli, hakuna aliyeshuka.

Akirudi mchinjie kuku. Na ile firigisi unayoniwekea mimi mwenye boma, mpe yeye.

Mzee wako