Nyongeza Niliyojiombea Peke Yangu

Al Baraha, Jumanne

Namba ya siri ya kodi ya mume wangu Kamau ninayo mimi. Kila mwaka, hata nikiwa huku ughaibuni, ndimi hujaza ritani, zile fomu za kodi, kwa simu, yangu kisha yake, maana kila mmoja ana yake.

Mwaka huu karatasi zetu za mshahara zilichelewa, ikabidi tuombe kuongezewa muda. Niliomba wangu tu. Siku hiyo Kamau alikuwa amenikatia simu, nikasema ajipange.

Jana siku ya mwisho ya kujaza ikapita, na yake haijajazwa.

Leo amepiga kutoka Nakuru, ametulia kabisa. "Mama Wanja, ule muda uliomba?"

"Niliomba." Si uongo, lakini...

"Asante. Nilijua hata ukininunia huwezi kunisahau."