Nataka Mjukuu Wangu Ahamie Kwenye Nyumba Safi

Bi. Verlene mpendwa,

Sijawahi kuliandikia gazeti barua ya namna hii, na mke wangu LaRue ananicheka hapa pembeni, lakini naomba msaada wako kwa sababu wewe watu wa bonde hili wanakusikiliza, hata binti yangu Janessa anakusoma kila wiki, ila nikisema mimi anasema huo ni ubishi wa uzee, kwa hiyo nataka umwambie wewe, kwa maandishi, kwamba baba yake yuko sawa na mume wake hayuko sawa.

Jambo lenyewe ni mjukuu wangu Brinley, ana miaka miwili, ndiye mjukuu pekee niliye naye na sioni haya kusema kwamba nampenda kuliko kitu chochote kilicho hai. Wakati wa kiangazi kliniki ilimpima damu wakakuta ana madini ya risasi, ile sumu inayopatikana kwenye rangi za nyumba za zamani, haikuwa nyingi, nesi alisema tu ifuatiliwe, na mimi nilijua palepale inatoka wapi, maana Janessa na mume wake Trevin wamepanga nyumba kongwe nyuma ya kiwanda cha sukari, rangi inabanduka madirishani, nikamwambia Trevin aikwangue na apake upya, akasema mwenye nyumba ndiye wa kufanya hivyo, nikamwambia mwanamume hasubiri mwenye nyumba wakati mtoto wake anaumwa, basi tukaachana hivyo, hatuzungumzi vizuri mpaka leo.

Mwishowe walikubali kukwangua, na kwa kuwa kukwangua kunatoa vumbi walimleta Brinley akae kwetu mpaka wamalize, akakaa nasi karibu mwezi mzima wa Septemba, anakula vizuri, anacheka, anamfuata LaRue kila mahali, halafu akarudi kwao, na kesho yake wakampeleka kupimwa tena, na sumu ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Unaona mwenyewe, Bi. Verlene. Mwezi mzima kwenye hewa safi ya kwangu, usiku mmoja tu kwenye ile nyumba yao, na damu imeharibika.

Nikasema sasa basi, imetosha, wahamie kwetu. LaRue ametandika vitanda kwenye chumba cha chini, ni kikubwa na kina joto, na Jumamosi nakwenda na trela kubeba vitu vyao. Janessa amekubali ingawa analialia. Trevin amekataa, anasema mtoto asihamie kwangu na yeye atabaki kwenye nyumba yao hata peke yake, na Jumapili iliyopita, tukiwa mezani baada ya kanisa, alinitolea maneno mbele ya kila mtu. Alisema, "Mzee, hilo vumbi linalotoka kwenye mashine yako kule chini, umewahi kulipima hata siku moja?" Nilicheka mpaka nikapaliwa na viazi. Lazima ujue kwamba Trevin ametokea mjini, Boise, anawinda mara moja kwa mwaka na risasi za kununua dukani, hajawahi kujaza ganda hata moja kwa mkono wake.

Nikueleze nyumba yangu ilivyo ili usije ukadhani ni karakana. Mimi najaza risasi zangu mwenyewe tangu ujana, yaani natia fataki na baruti mpya kwenye maganda yaliyokwisha kutumika, na kila mwaka kabla ya msimu wa kulungu wakubwa wa milimani nusu ya wanaume wa Greasewood wananiletea maganda yao yaliyokwisha kupigwa niwasafishie, kwa sababu hakuna anayeyang'arisha kama mimi, nasema kweli, yakitoka kwangu unaweza kujitazama uso. Mashine iko chumba cha chini kando ya mashine ya kufulia, ni lile beseni la umeme linalotetemeka, natia magunzi ya mahindi yaliyosagwa, natia dawa kidogo ya kung'arisha, nakata vipande vya vile vitambaa vya kunukiza nguo kwenye mashine ya kukaushia ili vinase vumbi, nafunika, naliacha litetemeke kutwa, kisha nachekecha juu ya ndoo, magunzi yanabaki kwenye ndoo na maganda yanabaki juu yaking'aa kama pete ya harusi. Vumbi linatoka, sikatai, ndiyo maana nafungua kadirisha, na kila jioni napiga ufagio zulia zima. LaRue anafua mashati yangu ya kazi palepale pamoja na nguo zetu. Hutaona uchafu.

Na Brinley anaipenda hiyo kazi, ungemwona. Anakaa kando ya ndoo na kijiko cha bibi yake, anachimba magunzi, anayamimina, anachimba tena, saa nzima huwezi kumsikia akilalamika, hapa hatuna ufuko wa bahari lakini yeye ana wake. Nimemfundisha kupiga mluzi kwa ganda tupu, unaliweka kwenye mdomo wa chini na kupuliza, kila mtoto wa ukoo wetu amejifunza hivyo kabla hajajua kusoma, na yeye ameshaweza, miaka miwili tu. Akichoka analala kwenye blanketi palepale sakafuni, mngurumo wa mashine unambembeleza kuliko wimbo wowote wa LaRue. Baba yangu alikuwa anachekecha maganda juu ya meza ya jikoni, sisi tunakula upande wa pili, na mimi hapa nimeufikia uzee na mkono wangu bado hautetemeki.

Kwa hiyo naomba uniandikie maneno makali ya kumnyoosha Trevin, aelewe kwamba anayemzuia mtoto asiende kwenye nyumba safi anamdhuru mtoto wake mwenyewe. Mimi sitaki kugombana na binti yangu. Nataka mtoto apone.

Babu Mwenye Nyumba Safi,
Greasewood

*

Babu,

Majina ya familia yako nimeyabadili kabla ya kuchapisha, na jibu hili nimelituma kwako kwa mkono kabla gazeti halijatoka, kwa sababu Jumamosi iko karibu na sikutaka ulisome ukiwa umeshafunga trela.

Maneno makali ninayo. Ila hayamhusu mkweo.

Mimi pia najaza maganda. Bunduki ya marehemu mume wangu bado inafanya kazi kila vuli, na ndiyo maana niliposoma barua yako sikuhitaji kumuuliza mtu. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba kitakoni mwa kila ganda kuna fataki, na fataki ikipigwa inawaka na kuacha masizi meusi ndani. Masizi hayo yana madini ya risasi. Ndiyo uchafu wenyewe unaousugua. Sasa niambie, ganda likishatoka linang'aa ukajitazama uso, ule weusi umekwenda wapi? Uko kwenye magunzi. Uko kwenye vumbi linalopanda ukichekecha, na kwenye zulia unalolipiga ufagio kila jioni ukilirusha vumbi lirudi hewani. Na kando ya ndoo ile, babu, umemkalisha mtoto na kijiko.

Usiku mmoja haupandishi damu ya mtoto mara mbili. Mwezi mmoja unaweza. Alipopimwa alikuwa ametoka kwako, na kwako alikuwa analala sakafuni pembeni ya mashine, anashika maganda ya nusu ya wanaume wa Greasewood na kuyatia mdomoni apige mluzi. Wewe mwenyewe umeniandikia yote haya, kwa fahari, na hukuona. Trevin wa Boise aliona kutoka mezani, ukamcheka.

Sikuandikii hivi kwa sababu nakudharau. Najua unampenda huyo mtoto, kila mstari wa barua yako umejaa yeye, na karibu kila mwanamume wa bonde hili amelelewa kama ulivyolelewa wewe. Baba yako hakuwa mtu mbaya. Lakini usimlete kama ushahidi, kwa sababu hakuna aliyempima yeye wala nyinyi mliokuwa upande wa pili wa meza, kwa hiyo hujui alichowaachia. Na mwili wa mzee si mwili wa mtoto wa miaka miwili ambaye akili yake ndiyo kwanza inajengeka. Kwake kidogo ni kingi. Nimeumia kuisoma barua yako, nakwambia wazi, na nimekasirika, zaidi pale uliposema mwanamume hasubiri wakati mtoto wake anaumwa. Basi na wewe usisubiri.

Zima mashine leo. Usipige ufagio tena na usivute vumbi kwa mashine ya kufagilia ya kawaida, zote mbili zinalitawanya. Magunzi yote, vile vipande vya vitambaa na hicho kijiko, tia kwenye mfuko, funga vizuri, uliza ofisi ya afya ya wilaya wanataka upeleke wapi. Zulia livingirishe taratibu litoke nje ya nyumba na lisirudi. Sakafu, kuta na lile dirisha vifutwe kwa vitambaa vyenye maji na sabuni, na vitambaa vyenyewe vitupwe. Afanye mtu mzima mwenye glavu na kitambaa puani, na asiwe LaRue peke yake, maana mashati yako amekuwa akiyakung'uta yeye bila kujua. Nguo zako za kazi zifuliwe mbali na za familia kuanzia leo. Wewe na LaRue nendeni mkapimwe damu wiki hii hii. Usiseme huumwi, Brinley naye alikuwa anacheka.

Sikukatazi kujaza. Kazi unaijua, ni nzuri, na mimi sitaiacha yangu. Lakini ihamishie bandani, mbali na nyumba, na uachane na kusugua makavu. Chukua pipa dogo linalofungwa, tia maji, tone la sabuni ya vyombo, unga wa ndimu kiasi cha kubana kwa vidole na vile vijipini vya chuma cha pua, acha lizunguke. Vumbi linabaki majini halipandi. Maji hayo machafu usiyamwage kwenye sinki la jikoni wala bustanini kwa LaRue, ulizia hapohapo ofisini. Viatu na shati vya bandani vibaki bandani, unawe mikono na uso kwa sabuni kabla hujagusa kitasa cha mlango wa nyumba. Maganda yatang'aa vilevile, na ndani hata zaidi. Watoto wa ukoo wako wapige mluzi kwa midomo yao.

Na nyumba ya kina Janessa ipimwe rangi, sisemi haina kitu. Trevin aliposhika chombo akakwangua, na akamwondoa mtoto kwenye vumbi kwanza, alifanya sawasawa. Alikosea mahali pa kumpeleka tu, na mahali hapo alipaamini kwa sababu ni pako. Mtoto atakaa wapi kwa sasa, waamue wao wawili na nesi wa kliniki, ambaye anapaswa kuambiwa habari za ndoo na mluzi bila kufichwa hata kidogo, kwa kuwa matibabu yatategemea hilo. Ukiondoa chanzo mapema, damu hushuka. Hilo ndilo neno jema nililo nalo kwako na nalisema kwa moyo wote.

Sasa weka gazeti chini, au karatasi hii kama ndiyo unayoisoma, na umpigie Janessa. Asije akaisikia habari hii kwa LaRue, wala kwangu. Usianze na madirisha wala mwenye nyumba. Mwambie, "Usimlete mtoto Jumamosi. Sumu iko kwangu." Atalia, au atakukaripia kama hajawahi kukukaripia maishani mwake, na wewe usijitetee, mwache amalize.

Akishamaliza, mwombe ampe Trevin simu.

Bi. Verlene