Chumba changu na gari la tetesi

Shoga, uko wapi? Mkwe wangu ameingia chumbani kwangu na futi kamba ya fundi, anapima ukuta. Eti nihamie stoo, hapa pawe gereji.

Gereji ya gari gani? Gari lenyewe halijatoka kiwandani. Halijatoka, shoga. Ni tetesi za kwenye simu.

Ananisomea kama mwalimu: "Mama, inasemekana litasukumwa na magurudumu ya nyuma." Nikamwambia hata punda husukuma kwa miguu ya nyuma, na hajawahi kumhamisha mtu kitandani.

Binti yangu naye anamshikia ncha ya futi. Hapo ndipo nilipoumia. Mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Nikauliza taratibu, "Baba, hizo tetesi zinasema lina viti vingapi?"

"Viwili, mama. Magari ya mbio ndivyo yalivyo." Na anatabasamu, bwege yule.

Binti yangu akasema, "Viwili?" Ana watoto watatu, na wa nne yuko tumboni. Akasema tena, "Viwili?"

Akaiachia ncha, futi ikarudi kwa kasi ikamchapa mumewe vidole. Akaja kitandani kwangu. "Mama, sogea kidogo."

Basi tumejinyoosha hapa wawili. Mumewe yuko sebuleni, anasubiri gari.