Kona ya Noemi

Antigua, Jumatatu ya Pasaka

Dada mpendwa Casilda,

Salamu katika jina la Bwana aliyefufuka. Goti lako limetulia, au bado linakusumbua ukipanda ngazi za kanisa? Huku tu wazima, ila mimi nina jambo moyoni, na ni wewe tu ninayeweza kukuambia.

Unamjua Ofelia wa ng'ambo ya barabara. Kila Ijumaa Kuu tunatandika mazulia ya unga wa mbao uliotiwa rangi mbele ya milango yetu ili sanamu ya Bwana ipite juu yake ikibebwa katika maandamano, na kila mwaka zulia la Ofelia huwa kichekesho. Mwaka jana njiwa wake alifanana na bata aliyeshiba. Nilicheka, tena kwa sauti. Langu hunyooka kama kitambaa cha altare, kwa sababu mama alitulea kwa kazi, nami nimemlea binti yangu Noemi vivyo hivyo. Anafagia, anafua, anasaga mahindi. Akimaliza, napita nyuma yake kurekebisha. Kazi ya Mungu haifanywi ovyo ovyo, ama sivyo?

Basi Ijumaa Kuu ya mwaka huu, asubuhi, Noemi akasema anakwenda mara moja kuazima chekecheo la kunyunyizia rangi. Hakurudi. Nikaendelea peke yangu, magoti yanawaka, moyoni namwita mvivu. Nilipoinua kichwa nikaliona zulia la Ofelia. Sitakuficha, dada, lilikuwa zuri. Pindo la zambarau limenyooka, njiwa ni njiwa kweli. Wivu ukanipanda mpaka nikasahau kulirashia langu maji lisipeperuke.

Nikavuka kuuliza wamekodi fundi gani. Nikamkuta Noemi amepiga magoti juu ya ubao uliolazwa kando ya zulia lao, anapanga rangi na kuimba pamoja na watoto wa Ofelia, wale niliokuwa nikiwaita magogo yasiyojua kazi. Hakuniona. Ofelia akanivuta pembeni, akaniambia bila kucheka, "Mama Noemi, mwanao ana mkono wa kazi. Ila anasema kwenu hajawahi kumaliza kitu."

Nilikuwa na jibu la kumkata maini, lakini nikamgeukia mwanangu. Nikamwita Noemi, nikamwambia kwetu imebaki kona moja, na ni yake. Alinitazama kama anayengoja kofi. Akaja, akapanga ua jekundu, likapinda. Vidole viliniwasha, dada. Nikaikalia mikono yangu mpaka tarumbeta zikafika, wabebaji wakapita, na lile ua likaenda na nyayo zao.

Baadaye akaniuliza mbona sikulinyoosha. Nikamjibu kwamba alikuwa amelimaliza.

Usidhani nimetakasika. Jana alikula chakula cha Pasaka kwa Ofelia, nami nikamsikia toka jikoni kwangu akicheka. Miaka yote hii sijamsikia akicheka hivyo nyumbani. Zulia nimemsamehe Ofelia, lakini kicheko kile namwonea wivu hadi leo, hata sala haitoki vizuri. Niombee.

Msalimie shemeji, na uwabusu watoto. Noemi anakusalimu sana. Ameshafagia kibaraza asubuhi hii na kuacha majani pembeni, karibu na mlango. Nayaona ninapokuandikia, na bado nimekaa.

Mdogo wako akupendaye,
Hermelinda