Namba Niliyoijaza Kwenye Fomu

Mirpur, Dhaka
Ijumaa, 10 Novemba 2023

Mama Mdogo Dilruba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Uingereza? Mama anasema usiache kulikanda kwa mafuta ya haradali. Sisi wazima, ila homa ya dengi ilipita mtaani ikamlaza Mama wiki nzima. Sasa anakula na anagomba, kwa hiyo amepona.

Nasikia umewatangazia watu kwamba nimepata kazi kubwa. Tafadhali nyamaza kidogo.

Miaka sita nilikuwa na lile shirika la misaada huko vijijini Gaibandha. Anthropolojia yangu yote ilikuwa kukaa mkekani, kumenya viazi na wanawake na kuwasikiliza. Hatukuandika namba ya mtu. Tukiaga, tuliacha mche wa sabuni. Wafadhili walipoondoka, kampuni ya programu za simu ikanichukua niwaulize watu wanavyotumia simu zao, ili mafundi wajue pa kurekebisha. Nilijiona mjanja: kazi ile ile, tena kwenye kiyoyozi.

Walipotaka kuhoji wanawake wa vijijini, nikaenda moja kwa moja kwa Morjina. Ndiye aliyekuwa akinibakizia kichwa cha samaki kila nikifika. Alikuwa na simu ndogo aliyoificha kwenye pipa la mchele. Binti yake Shefali aliolewa na kijana aliyemchagua mwenyewe, na baba mtu, Kuddus, amepiga marufuku hata jina lake kutajwa. Kwa simu hiyo mama na mwana walikuwa wakizungumza. Alinieleza huku akicheka: "Mwanamume gani atatia mkono kwenye mchele, dada? Hawa wanaujua ukishaiva!"

Kampuni humshukuru kila anayehojiwa kwa kumtumia muda wa maongezi. Fomu ilidai namba. Ile ya siri sikuthubutu kuiandika. Nikajaza ya Kuddus, nikajipongeza kwa busara yangu.

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Kuddus: "Asante, Morjina, kwa kutueleza unavyotumia simu yako."

Alipekua nyumba nzima, akalimwaga pipa la mchele uani, na ile simu ikaonekana. Nilipopata habari nilikwenda na sabuni yangu kama zamani. Morjina alisimama mlangoni, jicho limevimba, hakunikaribisha. "Zamani ulikuwa unatusikiliza tu," akasema. "Siku hizi unampelekea nani?" Akafunga mlango.

Ofisini bosi amebandika ukutani yale maneno ya Morjina kuhusu mchele. Watu walicheka, wakanipigia makofi, nami nikatabasamu na kikombe changu cha chai mkononi. Najichukia, Mama Mdogo.

Kuna jambo moja zaidi. Zamani Morjina alimpa Shefali namba yangu, kwamba siku akimkosa mama yake anitafute mimi. Mtoto wa watu ana mimba ya miezi minane. Tangu asubuhi amenipigia mara nne, sijapokea.

Nisalimie Baba Mdogo Anwar, na Farzana na watoto wake. Mungu akulinde na baridi hiyo. Naishia hapa, simu inaita tena, na ni yeye.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Lubna