Utando wa Buibui Kwenye Gari Jeusi la Binti Yangu

Mshauri wangu mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama ni mimi niliyekuzidi basi marahaba mwanangu, maana gazetini wamekuwekea picha ya kalamu tu na mtu hawezi kujua. Nimekuwa nikikusoma tangu ulipomjibu yule bwana aliyegombana na mkwewe kwa sababu ya ukuta, siku ile nilisema huyu mtu ana akili, siku nikikwama nitamwandikia, na sasa nimekwama. Naomba unisaidie kuchagua dawa ya rangi ya gari. Usicheke, endelea kusoma.

Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini kitinda mimba wangu ni mpima ardhi. Si wale wa kubeba fito, ni yule anayechungulia kwenye chombo cha miguu mitatu, watu wazima na mashati yao ya kuchomekea wanamsubiri aseme mpaka uko wapi, naye akisema wanahamisha uzio. Sisemi ili nijisifu, nasema ili ulielewe gari. Gari amelinunua kwa jasho lake, jeusi tii, na siku lilipoletwa lilikuwa linang'aa hata ukitaka kupaka wanja unajitazama mlangoni tu, nami nilipaka, sikufichi.

Anakoishi ni ghorofani, chumba na sebule, hakuna pa kuegesha, kwa hiyo gari linalala uani kwangu. Kila asubuhi anakuja kwa miguu kulichukua na kabla hajaondoka tunakunywa chai, jioni analirudisha tunakunywa nyingine, yeye ananisimulia ndugu waliotaka kupigana kwa ajili ya kipande cha ardhi kisichotosha hata kuanika shuka, mimi namsimulia ya mtaani. Tangu baba yake afariki nyumba hii imekuwa kubwa kwangu, lakini kwa chai ile ya asubuhi na ile ya jioni, siku yangu inakuwa na kichwa na miguu.

Sasa uani kwetu kuna vumbi, barabara iko pale pale, na mimi siwezi kuliacha gari la mpima ardhi limekaa kama gunia la mkaa. Kila asubuhi kabla hajafika nalifuta. Natumia sweta lake la shule, lile la bluu la kufungwa mbele, nililitunza maana ndilo alilovaa siku alipoitwa mbele ya wazazi wote kupewa zawadi ya hesabu, hata vifungo vyake vipo, sijang'oa hata kimoja. Gari nalifuta kavu, maji situmii, maji yanaacha madoa, na nakandamiza hasa, mkono huu umefua na kukamua nguo za watu mpaka watoto wakasoma, hauna mchezo. Mlango wa dereva ndio naumalizia, naurudia mara nyingine tena. Watu wakipita kwenda kazini wananiita Mama Gari. "Mama Gari, leo linakwenda harusini?" Nawajibu, "Nyie kapigeni mswaki kwanza ndipo mje kunitania." Wanacheka, nacheka. Jina lenyewe sijalikataa.

Jumamosi alikuwa anakuja muosha magari tunayemwita Povu, mtu mzima, mpole, binti yangu ndiye aliyemleta. Lakini huyu Povu ana madoido. Gari moja anakuja na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji matupu, akipangusa kidogo anasuuza kitambaa, akipangusa tena anasuuza, utadhani anaogesha mtoto mchanga. Nikamwambia, "Povu, ndoo moja inatosha, maji hayaokotwi." Akasema, "Mama, hii ya pili ni ya kutoa mchanga." Nikamuuliza mchanga upi tena na mimi nimeshafuta tangu asubuhi. Akaendelea na ndoo zake.

Basi jioni moja binti yangu aliegesha wakati jua linapiga ubavuni, akashuka, akalitazama gari, halafu akaita, "Mama, hebu njoo uone." Nikaenda. Mshauri, boneti yote na milango imejaa mikwaruzo midogo midogo ya kuzunguka kama utando wa buibui, kivulini huioni, juani unatamani uzibe macho. Mlango wa dereva ndio umezidi, una pia mistari mirefu. Akauliza, "Nani analigusa gari hili?" Nikamwambia, "Nani mwingine, si huyo Povu wako." Nilisema kwa moyo safi kabisa. Jumamosi iliyofuata nikamwambia Povu asije tena, sabuni yake inakula rangi ya mwanangu. Aliinua ndoo zake, akasema, "Sawa mama, msalimie," akaondoka. Siku hizi anapitia njia ya nyuma ili tusionane.

Nikadhani yameisha. Kumbe binti yangu alikuwa na lake. Tuko mezani, anapuliza chai ipoe, akasema kwa upole, "Mama, hapa vumbi na jua vimezidi. Kazini wamejenga banda la magari. Naona niliache kule, mimi niwe napanda basi la ofisi." Nikasema ni wazo zuri mwanangu, wazo zuri sana, nikanyanyuka nikaingia jikoni kutafuta sukari, na bakuli la sukari lilikuwa pale pale mezani.

Sasa amesafiri kwenda kupima shamba la mtu, gari limebaki uani, akirudi mwisho wa mwezi ndipo ataamua. Mimi nimepanga alikute kama jipya, aone uani kwangu hakuna tatizo lolote. Nimekwenda duka la vipuri, muuzaji akanipangia kaunta nzima, kuna polishi, kuna nta ya kopo, kuna nta ya kupuliza, kuna kitu kinaitwa kompaundi, kuna na dawa eti ikikauka inakuwa ngumu kama kioo na inakaa miaka. Nikamuuliza ipi nzuri, akasema zote nzuri. Kaka yangu anasema nta ni nta tu, nipake ile ya sakafu. Jirani yangu wa teksi anasema nipanguse kwa mafuta ya taa, na kweli lake linang'aa, ila ukilikaribia unapiga chafya. Mwisho nikanunua kompaundi, muuzaji kasema ndiyo inayoondoa mikwaruzo na ndiyo kali kuliko zote pale, na mimi kitu kikali ndicho ninachokiamini. Kopo liko juu ya kabati, sijalifungua. Nataka nilisugue gari zima kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sweta lile lile, mpaka utando uote mbawa. Je, kompaundi itatosha au niongeze na nta, na kama ni nta basi ni ipi? Niambie nisikosee mshauri wangu, maana gari hili likihama sijui jioni nitakuwa nammiminia nani chai.

Ni mimi,
Mama wa Mpima Ardhi

*

Mama wa Mpima Ardhi,

Ni wewe uliyenizidi, kwa hiyo shikamoo. Nimeanza na heshima kwa sababu mbele huko nitakugombeza.

Kopo hilo usilifungue. Liache juu ya kabati, tena kama una kiti kirefu, lisukume mpaka ukutani.

Mume wangu hupiga rangi magari, na nyumbani kwetu habari za rangi huanza kabla ya salamu, kwa hiyo mlango hukukosea. Juu ya ule weusi unaoupenda kuna vanishi, haina rangi, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ndiyo inayong'aa, na ndiyo iliyochorwa utando. Kompaundi ni kama mchanga laini sana uliochanganywa kwenye uji. Inaondoa mkwaruzo kwa kuila vanishi inayouzunguka. Fundi huiweka kidogo, mahali palipoumia, akajua wapi aishie. Ungeiingiza wewe kwa mkono huo wa kukamua nguo, gari zima, binti yako angekuta boneti imepauka kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, na hapo hata polishi za duka zima zisingeirudisha.

Sasa vuta kiti ukae. Aliyechora utando ni wewe.

Vumbi la barabarani ni mchanga, mama. Kila asubuhi umekuwa ukiusaga juu ya vanishi, mkavu, kwa kuzungusha mkono, kwa nguvu zako zote. Ile mistari mirefu ni vifungo vya sweta. Na mlango wa dereva umeumia kuliko yote kwa sababu ndio uliokuwa ukiurudia, na kwa nini uliurudia sote wawili tunajua, ndipo anapokaa mwanao. Yule Povu alikuambia kwa mdomo wake kuwa ndoo ya pili ni ya kutoa mchanga. Kitambaa kikisuuzwa, mchanga unabaki ndoo ya pili badala ya kurudi kwenye gari. Ile uliyoiita madoido ndiyo kazi yenyewe. Ulimcheka, kisha binti alipouliza nani analigusa gari, mlikuwa wawili ukamtaja mmoja. Najua hukudanganya, hukuwa umejihesabu. Lakini mtu amepoteza Jumamosi yake na anapita njia ya nyuma kama mwizi, na hilo hakuna nta inayolifunika.

Ya dukani ni mepesi. Mrudishie muuzaji kopo lake likiwa na kifuniko, chukua polishi laini, ile ya kumalizia, na nta ya kopo. Usizichanganye kichwani: polishi hula kidogo ili kulainisha, nta haili chochote, inakaa juu na kukinga jua na uchafu wa ndege. Ya kopo hudumu kuliko ya kupuliza, na kwa gari linalolala nje hiyo ndiyo ya kwako. Ile dawa ya kioo iache kwanza, ukiipaka sasa utaufungia utando ndani. Nta ya kaka yako ibaki sakafuni. Jirani wa teksi mwache na chafya zake.

Ila hata hizo usizipake leo. Gari si lako, mama. Hujamuuliza mwenyewe, na umeshapanga kulisugua gari zima. Subiri arudi. Kabla hajarudi una safari moja tu, nayo ni kwa Povu. Usimtume mtu, nenda kwa miguu yako, mwambie, "Nilikosea, mikwaruzo ni yangu." Hatakuaibisha, aliyeondoka akiacha salamu kwa binti yako si mtu wa kisasi. Mwombe arudi na ndoo zake mbili na sabuni yake ya magari, si ya vyombo, maana ya vyombo huondoa nta yote. Binti akishakubali, polishi mpake nyote watatu, kivulini, bati likiwa limepoa, mkijaribu kwanza mahali padogo pembeni. Mistari ya vifungo ikikwama kwenye ukucha ukiipitisha, hiyo muiache, ni ya fundi wa rangi. Na asubuhi vumbi liache lilale juu ya gari mpaka Povu aje na maji. Wala usiende kununua turubai la kulifunika, turubai juu ya vumbi ni sweta kubwa tu.

Sasa lile la banda. Banda ni zuri. Kwa gari jeusi kivuli kinashinda kopo lolote la dukani, na siwezi kukuambia vinginevyo ili kukufurahisha. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na chai imo zaidi ya rangi. Mwanao alikuambia jambo huku anapuliza kikombe, polepole, kama mtu anayesubiri useme kitu. Ukasema wazo zuri, ukaenda kutafuta sukari iliyokuwa mbele yako. Huyo ni mpima ardhi. Anapima mahali alipoonyeshwa, na wewe hujamwonyesha. Mwambie neno hilo uliloniandikia mimi nisiyekujua, kwamba ukikosa ile chai siku yako haina kichwa wala miguu. Mwambie gari lilale popote, yeye aje. Basi la ofisi nalo hushusha watu njiani.

Ukianza na habari ya sweta, hayo mengine yatatoka yenyewe. Atacheka, nakuambia. Huenda akalia kidogo pia, ukimwonyesha vifungo.

Kisha lifue sweta lenyewe, likauke kivulini, ulikunje, lirudi kabatini. Siku anayofika, kabla hajaulizia ufunguo, weka vikombe viwili mezani, na sukari iache hapo hapo ilipo.