Gesti ya Kutunza Mila

Pokea shikamoo iliyolowa, dada Neema, maana huku Tukuyu mvua haina likizo. Shemeji yako alituchagulia gesti iliyo juu ya baa, watoto watatu kitanda kimoja, ati mila ya kwao hairuhusu mkamwana alale nyumba moja na baba mkwe. Kumbe alifuata mpira kwenye televisheni ya baa!

Leo asubuhi mzee katufuata kutoka kwake Kinyala. Kwa heshima akanipa mgongo, akauambia ukuta: "Mkamwana, leta wajukuu nyumbani. Mimi nitalala kwa mdogo wangu." Kisha akamgeukia mwanawe: "Wewe baki hapa, uitunze mila."

Sasa tunakula ndizi jikoni kwa mama mkwe, nakukumbuka mno. Shemeji yako bado anatunza.

Mdogo wako,
Mama Tumaini